Jiwe la Nusu Kilo

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi ya mafungo ya Kwaresima, hapa Bagamoyo, chini ya miembe ya misheni. Wengi wa jumuiya zetu hamkuweza kufika. Wengine mlikuwa na msiba, wengine bahari ilikuwa shwari na samaki hawangoji mtu. Mmeniomba niyaandike. Nimeyaandika yalivyotoka, na pale nilipojirudia nimeacha nijirudie.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, mapadre wageni mliotoka mbali kuja kutuungamisha, masista, makatekista wenzangu, wazee wa kanisa, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA, na ninyi majirani zetu Waislamu mliokuja kuketi nasi kwa ajili ya ujirani tu: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kabla sijasema neno, nimekuja na kitu mfukoni. Hiki hapa. Kipitisheni. Tuanze na mama yule mwenye kitenge cha kijani, kizunguke hadi kwa vijana kule nyuma. Ni jiwe la mizani, la nusu kilo, la chuma. Mliofanya biashara kabla ya mizani za betri mnalijua. Kila mtu alishike, halafu aligeuze. Chini yake kuna tundu, na ndani ya tundu kuna kitu cheusi. Ukikikwangua kwa ukucha kinatoka. Ni nta iliyochanganywa na masizi. Nta yenyewe ilitoka kwenye kipande cha mshumaa nilichorudi nacho nyumbani kutoka Mkesha wa Pasaka.

Hapo penye nta palikuwa na risasi, ile metali laini na nzito. Jiwe la mizani hutengenezwa na tundu lake, na tundu hilo hujazwa risasi mpaka uzito utimie, kisha watu wa vipimo hugonga muhuri wao juu ya risasi hiyo. Mimi niliitoa risasi kwa msumari, usiku, mke wangu amelala. Nilifanya kazi hiyo kwa muda wa saa nzima, taa ya chemli iko sakafuni, nami nimeupa mlango mgongo. Jiwe likapungua gramu 40.

Gramu 40 ni nini? Ni vijiko kumi vya chai vya sukari. Mtu ananunua nusu kilo, anapungukiwa vijiko kumi, nani atajua?

Basi nikawa na mawe mawili. Watu wa vipimo wakija, lilikuwepo jiwe lenye muhuri, zima, nimelifunga katika kitambaa safi. Wateja wakija, lilikuwepo hili. Miaka sita. Na katika miaka hiyo sita, ndugu zangu, sikukosa kuungama hata Kwaresima moja, sikukosa hata Majilio moja. Nilikuwa mwanakwaya, sauti ya besi. Nilikwenda kwenye kitubio, nikapiga magoti, nikasema: Padre, nimekasirika, nimesema uongo, nimeacha sala za asubuhi. Na yote niliyosema yalikuwa kweli. Jiwe lilikaa chini ya kaunta likinisubiri nirudi.

Kwa nini sikulitaja? Mnaniuliza kwa macho, nawaona. Nami nimejiuliza miaka mingi.

Sisi Waswahili tuna maneno mengi ya kukosa bila kukosa. Nimeteleza. Yamepita hayo. Ulikuwa ujana. Na lile kubwa kuliko yote: shetani kanipitia. Mume kampiga mkewe, anaitwa na wazee, anasema shetani kanipitia. Mhazini kala fedha za kikundi, shetani kanipitia. Binti katukanwa na shangazi yake mbele ya watu, shangazi anasema shetani kanipitia. Kama kwamba mimi ni njia tu, barabara ya wote, na mpita njia ndiye mwenye kosa! Adamu alianza zamani. Mungu alipomwuliza, akajibu: mwanamke uliyenipa. Mwanamke akajibu: nyoka. Someni Mwanzo sura ya 3, muone jambo moja: nyoka hakuulizwa kitu. Mungu hakuwa na swali kwa nyoka. Swali lilikuwa kwa Adamu, "Uko wapi?"

Sasa sikilizeni sala yetu wenyewe, tunayoisema katika Misa mpaka tumeizoea. "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Je, Kiswahili kinahitaji neno "mimi" pale? Hakihitaji. Ukisema "nimekosa", kila mtu amekwisha kujua ni nani. Lakini neno "mimi" limewekwa, na limewekwa mara mbili, na mkono unagonga kifua. Ni kama mtu aliyeona mapema kwamba tutamtafuta shetani mpita njia, akatuziba njia. Nimekosa mimi. Si mke wangu aliyelala usiku ule. Si bei ya sukari ya mwaka ule. Mimi.

Mnamkumbuka Daudi. Amemchukua mke wa Uria, amemweka Uria mahali pa vita vikali ili afe, matanga yamekwisha, maisha yanaendelea, mtoto amekwisha kuzaliwa. Nabii Nathani anakuja. Hamwambii mfalme umekosa. Anampa kesi ya mtu mwingine aipime: tajiri mwenye makundi ya kondoo, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, anayekula tonge lake na kulala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akamchukua mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka. Mtu huyo astahili kufa! Na atalipa mara nne!

Mnaona mawe mawili? Kwa kosa la mwingine, jiwe lenye muhuri, zito, halipungui hata chembe. Kwa kosa lake mwenyewe, jiwe lenye nta. Torati ilikwisha kukataza hilo katika Kumbukumbu la Torati 25:13, mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, kubwa na dogo. Nami nilikuwa nikidhani andiko lile ni la wachuuzi peke yao. Nathani akamwambia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Na Daudi, hapa nampenda Daudi, hakusema kwamba yule mama alikuwa akioga mahali pa kuonekana. Hakusema vita vilikuwa vimemchosha. Alisema: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Basi. Akalitupa jiwe la nta.

Mimi sikuwa na Nathani. Nilikuwa na padre mgeni, Kwaresima moja, aliyekuja kusaidia kuungamisha kama hawa waliokuja leo. Padre amefungwa na siri ya kitubio, mimi sikufungwa kuyasema yangu, kwa hiyo nayasema. Niliorodhesha dhambi zangu za kila mwaka. Akanyamaza. Akaniuliza: "Unafanya kazi gani?" Nikasema, nina duka, Padre. Akanyamaza tena. Kisha akauliza: "Na mizani yako je?"

Maneno manne hayo tu. Sidhani kama alifunuliwa chochote. Nadhani alikuwa mtoto wa maskini, alitumwa dukani utotoni. Lakini nilisikia kunguru wakitembea juu ya bati, kucha zao moja moja, kwa muda ambao nao ulikuwa kama miaka sita. Ndipo nikalitaja jiwe. Nikataja gramu. Nikataja miaka. Nikataja mshumaa wa Pasaka, na hapo sauti ikakatika.

Hakunikaripia. Akauliza kama wale niliowapunja nawajua. Nikasema wengine nawajua, wengine walikuwa wapita njia. Akasema: unaowajua, wafuate. Usiowajua, watendee kupitia maskini. Kisha akaninyoshea mkono, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi bila kuyapokea: "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Siku ile ile! Ndugu zangu, siku ile ile, kabla sijarudisha hata punje. Nawaomba mlishike hili, maana nitakayosema sasa juu ya kurudisha yanaweza kumpotosha mtu akadhani Mungu anauza msamaha kwa mikopo. Hauzi. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, hakulipa kwanza ndipo Yesu akaja kwake. Yesu alimwita angali juu ya mti, akaingia nyumbani, watu wakanung'unika, na ndipo Zakayo akasimama akasema atarudisha mara nne. Mara nne! Ile ile hukumu ya Daudi juu ya mwenye kondoo. Daudi aliitoa kwa mwingine, Zakayo akajitolea mwenyewe.

Lakini kurudisha kupo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, ila haliponyi kila uharibifu ambao dhambi imeleta. Na sala yetu ya kutubu tunayowafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza inasema hivyo hivyo kwa kifupi: "Basi sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio." Nitafanya. Kuna kazi ya kufanya.

Nami nikaenda kuifanya.

Palikuwa na bibi mmoja, jirani, mjane, Mwislamu. Jina lake sitalitaja, amekwisha kutangulia mbele za haki. Alikuwa akipika vitumbua kila asubuhi, akiuza barazani kwake. Kwangu alinunua sukari nusu kilo mara mbili kwa wiki. Nilikwenda jioni, baada ya magharibi. Nilimshikia mguu, akaniambia inuka, baba, kuna nini? Nikalitoa jiwe, nikaliweka mkekani. Nikamweleza.

Hakulia. Hakunifukuza. Alimwita mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, akamwambia alete mkaa. Mtoto akapiga hesabu sakafuni, kwenye saruji. Mara mbili kwa wiki. Wiki 52. Miaka sita. Mara 624. Zidisha kwa gramu 40. Mtoto akaandika 24,960. Kilo 25 kasoro gramu 40. Nilizitazama zile gramu 40 zilizopungua pale mwishoni kama mtu anayetazama uso wake kwenye maji.

Nusu gunia, wapendwa. Nusu gunia la sukari la mjane. Na miaka yote hiyo mimi niliona vijiko kumi tu.

Nikasema, bibi, kesho naleta gunia zima. Akakataa. Akasema: "Leta kilo moja kila mwezi, uipime mbele yangu. Ukileta yote kesho, keshokutwa utasahau." Kisha akanyamaza, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake, na hapo akasema neno lililonichoma kuliko hesabu yote. Akasema: "Mwanangu, mimi nilidhani mkono wangu umezeeka."

Sikumwelewa. Akanieleza. Watu walikuwa wameanza kumwambia kwamba vitumbua vyake haviko kama zamani, vimepoa utamu. Yeye aliweka sukari yote, nusu kilo yake, kama alivyofundishwa na mama yake. Basi akaona ni yeye. Ni uzee. Na alikuwa akiitwa kupika kwenye arusi, mji mzima ulikuwa ukimjua kwa hilo. Akaacha. Alikataa arusi moja, akakataa ya pili, wakaacha kumwita.

Niambieni, hilo lina kilo ngapi? Naweza kumpelekea sukari. Arusi zile nitazipeleka kwa mizani gani? Imani ya mama juu ya mkono wake mwenyewe, miaka ile yote, nitaipima wapi?

Hapa ndipo nilipoijua huruma ya Mungu. Nilikuwa nimeiimba, nilikuwa nimewafundisha wengine, lakini sikuwa naijua. Mtu asiyejaribu kulipa hajui ukubwa wa deni lake. Anasema Mungu ni mwenye huruma, ataelewa, na kumbe anachotaka kwa Mungu ni jiwe jingine lenye nta. Lipa unachoweza kulipa. Lipa mpaka ufike pale mkono wako unapoishia, uone kwa macho yako kile kisicholipika hata ukiishi miaka mia. Ukisimama hapo, neno "huruma" litakuwa na uzito wake kamili.

Nilipeleka kilo moja kila mwezi. Kila nilipopeleka, aliweka mstari wa mkaa kwenye fremu ya mlango. Mwezi wa 14 uliangukia Ramadhani. Nikapima, akachukua, akachora mstari. Akaitazama ile mistari. Akalowesha upindo wa kanga katika maji ya kopo, akaifuta yote, akasema: "Zilizobaki nimekuhalalishia. Na arusi nazo nimekuhalalishia." Mtakatifu Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Mungu ameifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushtaki. Mimi nikisoma mstari ule naiona kanga imelowa, yenye weusi wa mkaa.

Kuna madeni ya namna hiyo ambayo ni makubwa kuliko mtu mmoja. Mji wetu huu unayajua. Wazee wanatusimulia jina la Bagamoyo kwa njia mbili. Mpagazi aliyebeba pembe ya ndovu kutoka bara alifika hapa, akatua mzigo, akabwaga moyo, akapumzika. Na mtumwa aliyefika na mnyororo shingoni aliubwaga moyo wake hapa kwa maana nyingine, akijua kwamba haoni tena kwao. Mji mmoja, jina moja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hii mwaka 1868, chini ya Padri Antoine Horner, kazi yao ya kwanza ilikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873. Miaka mitano hiyo katikati, na mingi kabla yake, nani atailipa?

Nani alikosa? Aliyewakamata bara alisema, mimi nauza tu. Mwenye msafara alisema, mimi nasafirisha. Mwenye jahazi, mwenye soko, mwenye shamba. Na Ulaya na Marekani, watu waliocheza piano zenye funguo za pembe za ndovu waliona muziki tu. Kila mmoja alishika pete moja ya mnyororo na kuiona nyepesi. Hata misheni, tuseme kweli tukiwa hapa kwenye miembe yake: waliokombolewa waliishi kwa kengele, kwa kazi ya shamba na kwa amri kali, na wapo waliotoroka. Hilo nalo litajwe.

Tarehe 22 Februari 1992, Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegal, kwenye nyumba walimopakiwa watumwa, akaiita biashara ile dhambi, na akaomba msamaha wa mbinguni. Wapo waliouliza, neno litamsaidia nani aliyekufa? Ni swali la haki. Mimi nawajibu kama mtu wa jiwe: ningeweza kumpelekea bibi yule sukari kwa siri, nikaiacha mlangoni usiku. Angeendelea kuamini kwamba mkono wake umezeeka. Neno ndilo lililomrudishia mkono wake.

Sasa nataka kusema na watu wawili waliomo humu.

Wa kwanza ni yule aliyeharibu kitu kisichorudi kabisa. Maneno uliyoyaeneza juu ya mtu, naye amekwisha kufa. Mzazi uliyemtelekeza, sasa unapeleka maua kaburini. Dada yangu uliyetoa mimba, peke yako, ukiwa na hofu, na unahesabu kila mwaka mtoto angekuwa na umri gani. Nakuona hata kama sikujui. Papa Fransisko, kwa barua yake ya tarehe 20 Novemba 2016, mwishoni mwa Mwaka wa Huruma, aliwapa mapadre wote mamlaka ya kudumu ya kuondoa dhambi hiyo. Padre yeyote kati ya hawa wa leo. Usizunguke ukitafuta mkubwa.

Wa pili ni yule aliyelipa kila kitu na bado halali usingizi. Kwako nina Yuda.

Mnashtuka. Lakini someni Mathayo 27. Yuda alijuta. Yuda alitaja dhambi yake kwa jina: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Na Yuda alirudisha! Vipande vyote 30, hakuna hata kimoja kilichopungua. Ukipima kwa kurudisha peke yake, Yuda alifanya kuliko mimi. Kosa lake ni mlango. Alikwenda kuungama kwa wale walionunua, nao wakamjibu: "Haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akabaki na dhambi yake, ayaangalie mwenyewe, na hakuna binadamu anayeweza kuyaangalia hayo mwenyewe akabaki mzima. Fedha aliirudisha. Yeye mwenyewe hakurudi.

Petro usiku ule ule alikana mara tatu, akiota moto wa makaa katika ua wa Kuhani Mkuu. Hakurudisha kitu, maana angerudisha nini? Alilia tu. Na siku moja asubuhi, wavuvi mliomo humu mnaijua asubuhi hiyo, mmetupa nyavu usiku kucha hampati kitu, mnarudi na macho mekundu, anamwona mtu ufukweni na moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Yohane anatumia neno hilo hilo, moto wa makaa, mara ya kwanza Petro anakana, mara ya pili Petro anasubiriwa. Yesu hakuanza na swali. Alisema: "Njoni mfungue kinywa." Walikula kwanza. Samaki wa kuchoma, mikono ina mafuta, mtu ameshiba. Ndipo akamwuliza, wanipenda? Mara tatu, moja kwa kila kukana. Jeraha lilitajwa lote, halikufichwa hata moja, lakini lilitajwa baada ya kifungua kinywa.

Sista Faustina wa Poland, aliyefariki mwaka 1938 akiwa na miaka 33, alituachia sala ya maneno mawili tunayoyaona chini ya ile picha majumbani mwetu: Yesu, nakutumainia. Alitangazwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000, na siku hiyo Papa Yohane Paulo wa Pili akaiweka Jumapili baada ya Pasaka iwe ya Huruma ya Mungu. Injili ya Jumapili hiyo ni ile ya milango iliyofungwa kwa hofu, Yesu akaingia, akawavuvia, akawapa mitume mamlaka ya kuondoa dhambi. Yuda alikuwa na majuto, alikuwa na ukweli, alikuwa na fedha mkononi. Maneno hayo mawili ndiyo aliyokosa.

Kuhusu aibu sisemi mengi, jua linapanda. Unaogopa padre anaijua sauti yako. Ndiyo sababu tumewaita wageni. Na siri ya kitubio haivunjwi, kwa amri ya serikali wala kwa kutishwa kifo, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Tena padre naye anaungama. Tarehe 28 Machi 2014, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alipaswa kuketi aungamishe watu. Akaenda kwanza kwa padre wa kawaida, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaungama.

Jiwe langu limefika wapi? Naliona, liko kwa yule kijana wa safu ya mwisho, anakwangua nta. Likwangue tu, mwanangu, itoke yote. Ukimaliza liweke mezani pale, miguuni pa msalaba.

Mapadre wamekwisha kukaa. Wawili wako kanisani, mmoja kwenye Groto ya Bikira Maria, na mmoja yuko chini ya mwembe ule wa mwisho, amewekewa kiti cha pili kwa ajili ya wasioweza kupiga magoti. Tuna muda hadi saa nane. Wazee watangulie.